Shajara ya mradi: bakteria wa sambaza na kiunzi cha mfupa wa ng'ombe, Bukavu 2023

Kazi ni mbili, meza ni moja. Ya kwanza ni kuhesabu jinsi bakteria wanavyoongezeka ndani ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani, kama dagaa) wabichi tangu ufukweni mwa Ziwa Kivu hadi soko la Kadutu mjini Bukavu. Ya pili ni kutengeneza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, vikiwa na matundu yao ya asili, vya kutumiwa kama kiunzi, yaani umbo la kushikizia seli zikue, katika utafiti wa kuotesha upya tishu za mfupa. Zote mbili zinahitaji kitu kilekile: uhakika kwamba ulichokiita safi ni safi kweli. Vipande vyetu ni vya majaribio ya chupani tu, visiwekwe mwilini mwa mtu wala mnyama. Gharama ni kwa dola.

6 Februari: kisanduku cha kuatamishia

Sanduku la foma la lita 60, kidhibiti joto W1209, na balbu. Lengo ni nyuzi 30 kwa saa 72, joto na muda vinavyotumika kuhesabu bakteria wa jumla katika chakula.

Balbu ya kwanza ilikuwa ya wati 40 ya umeme wa ukutani. Umeme ulikatika usiku, asubuhi sanduku lilikuwa nyuzi 21. Tumebadilisha kila kitu kuwa cha volti 12: balbu ya breki ya gari ya wati 21, feni ndogo ya kompyuta, betri ya Ah 70, na chaja inayofanya kazi umeme ukiwepo. Balbu haiwaki muda wote. Kwa wastani mfumo mzima unakula ampea 0.85 hivi, kwa hiyo nusu ya betri inatosha kama saa 40. Msiishushe chini ya nusu, betri ya gari inakufa mapema.

Bila feni, juu palikuwa nyuzi 34 na chini 27. Ukiwa na feni tofauti haizidi nyuzi 1. Chupa 6 za maji za lita 1.5 zinakaa ndani kama akiba ya joto. Kosa jingine: balbu ilimulika sahani moja kwa moja na agari (jeli ya kuoteshea bakteria) ikakauka hadi ikapasuka. Kikinga cha bati kimemaliza tatizo. Sahani zinawekwa kifuniko kikiwa chini, la sivyo matone yanadondoka na kuunganisha koloni (madoa ya bakteria yanayoonekana kwa macho).

Jumla: 96, betri ikiwa 62 kati ya hizo.

15 Februari: sahani shahidi zimeota

Sahani shahidi ni ile yenye agari na maji ya kuzimulia (ya kuchanganyia sampuli ili bakteria wapungue na kuhesabika) tu, bila samaki. Isipobaki tupu, hesabu nyingine zote za siku hiyo zinatupwa.

Zetu nne zote zimeota. Koloni kubwa, bapa, zenye kingo zilizochanika, zinazotambaa juu ya sahani: sura ya bakteria wa jamii ya Bacillus, wanaotengeneza spora (umbo gumu la kulala, linaloamka baadaye na kuwa bakteria tena). Spora hazifi kwa kuchemsha. Tumetupa sahani 28 na lita 1.5 ya agari. Hasara: 19.

Tulifuata maelekezo ya kwenye kopo la agari neno kwa neno: nyuzi 121, dakika 15, sufuria ya presha. Kosa liko kwenye sufuria, au tuseme liko kwenye mlima tunaoishi.

17 Februari: hesabu ya presha

Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu yeyote atakayenakili kazi hii akiwa Bukavu, Goma au popote juu ya mwinuko atagonga ukuta uleule.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hewa hapa inakandamiza kwa kilopaskali 85 tu, wakati pwani ni 101. Ndiyo maana maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95. Mvuke ufike nyuzi 121 unahitaji kilopaskali 205 kwa jumla, yaani presha ya sufuria ukijumlisha na ya hewa ya nje. Geji na kile kizito cha juu ya kifuniko vinapima ziada ya sufuria peke yake.

Sufuria yetu ya jikoni inafungua mvuke kwenye ziada ya kilopaskali 80. Tukijumlisha 85 tunapata 165, na mvuke wa 165 una nyuzi 114. Kipimajoto cha kushikilia kiwango cha juu, tulichokifungia ndani, kimeonyesha 114 hiyohiyo. Kwa spora sugu, kila joto linaposhuka nyuzi 10 muda wa kuua unakuwa mara 10. Ukishuka nyuzi 7 unazidisha muda mara 5. Dakika zetu 15 zilikuwa na nguvu ya dakika 3.

Hata sufuria nzuri inayofika 103, ile ya maelekezo ya pwani, hapa inaishia nyuzi 118.

Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza: tulifunga valvu mara tu mvuke ulipoonekana. Hewa iliyobaki ndani inachangia presha bila kuchangia joto la mvuke, kwa hiyo geji inakudanganya. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 kamili ndipo ufunge.

Kuongeza uzito juu ya valvu ya sufuria ya jikoni ni marufuku. Kifuniko kikiruka kinaua.

3 Machi: siku tatu za kuchemsha, nusu imefaulu

Kabla ya kutumia pesa tumejaribu njia ya zamani: kuchemsha dakika 30, kuacha hadi kesho kwenye joto la chumba, kuchemsha tena, siku tatu mfululizo. Spora zinazoamka katikati ya siku zinauawa siku inayofuata.

Agari imetoka safi, chupa 9 kati ya 9. Maji ya kuzimulia (chumvi gramu 8.5 na peptoni, yaani protini iliyovunjwavunjwa, gramu 1 kwa lita) yamechafuka, chupa 4 kati ya 9. Spora huamka penye chakula. Kwenye agari zinaamka zote na kufa. Kwenye maji yenye peptoni kidogo hivyo, baadhi zinaendelea kulala siku zote tatu, kisha zinaamka zikifika kwenye sahani. Njia hii ni ya vyakula vya bakteria tu, msiitumie kwa maji wala vyombo.

14 Machi: sufuria kubwa

Tumepata sufuria ya alumini ya kuulia vijidudu, lita 24, iliyotumika, yenye geji na iliyotengenezewa kufika 140: dola 180. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka, mpya 12. Sasa tunapika kwenye ziada ya 120, ambayo pamoja na 85 ya hewa inatoa 205, yaani nyuzi 121.

Chupa za mililita 100 zinapata dakika 15. Chupa za mililita 500 zinapata 30, kwa sababu katikati yake huchelewa kupata joto. Mtihani wetu ni udongo wa bustani: gramu 1 ndani ya mililita 10 za mchuzi wa bakteria (chakula chao cha majimaji), inapikwa pamoja na mzigo, kisha siku 3 kwenye nyuzi 30. Udongo ukibaki bila uhai, mzigo wote umeiva. Mizunguko 5 imepita, yote safi. Sahani shahidi: sifuri.

28 Machi: sambaza, makosa matatu

Kukata, kupima, kuzimua, hayo ni ya kawaida: gramu 10 za samaki ndani ya mililita 90, halafu mililita 1 ndani ya 9, na kuendelea.

Kosa la kwanza ni kupima samaki mmojammoja. Sahani za sambaza watatu kutoka ndoo moja zilitofautiana mara 8. Sasa tunachukua gramu 200, tunawakatakata wazima (huliwa na utumbo wake, basi na upimwe), tunachanganya, ndipo tunatoa gramu 10.

La pili, agari ya moto. Tulimimina agari juu ya sampuli ikiwa nyuzi 55 kwa haraka ya kuwahi kabla haijaganda. Kwenye mzimuo wa 1 kwa 1,000 tukapata koloni 17, wakati samaki haohao waliopakazwa juu ya agari iliyoganda walituambia tutarajie 42. Zaidi ya nusu waliungua. Hata nyuzi 45 zinawaumiza baadhi ya bakteria wa majini. Tumeacha kumimina. Tunapakaza mililita 0.1 juu ya agari iliyokauka usiku mmoja, na kuzidisha kwa 10.

La tatu ndilo zito zaidi, na halimo kwenye kitabu chochote tulichosoma: saa sifuri. Wavuvi wa sambaza hufanya kazi usiku kwa taa na kuinua wavu mara kadhaa hadi alfajiri. Ndoo inayofika ufukweni inachanganya samaki wa saa tatu usiku na wa saa kumi alfajiri. Tuliiita sampuli hiyo "saa sifuri" wakati nusu yake ilikuwa na saa 7 za joto mgongoni. Sasa wavuvi wanatuwekea samaki wa wavu wa mwisho peke yao katika ndoo yenye kitambaa chekundu, na saa ya kuinua wavu inaandikwa palepale. Tunalipa ndoo hiyo dola 1 juu ya bei. Ni pesa iliyotumika vizuri kuliko zote za mradi huu.

11 Aprili: sambaza, hesabu inayokubalika

Ndoo iliyofunikwa, kivulini, nyuzi 22 hadi 25. Bakteria kwa gramu, wastani wa sahani mbilimbili:

Saa 0: 42,000
Saa 3: 60,000
Saa 6: 310,000
Saa 9: 2,200,000
Saa 12: 15,000,000

Mfano wa hesabu: mzimuo wa 1 kwa 100 ulitoa koloni 39 na 45, wastani 42. Mara 10 kwa sababu ya mililita 0.1, mara 100 kwa sababu ya mzimuo, ni 42,000. Sahani yenye koloni chini ya 30 au zaidi ya 300 hatuitumii.

Saa 3 za kwanza wanajiandaa tu. Kutoka saa 6 hadi 9 wameongezeka mara 7.1, yaani kujigawa mara 2.8 katika dakika 180: kila dakika 64 wanakuwa maradufu. Kikomo cha juu cha ICMSF (tume ya kimataifa ya viwango vya vijidudu katika chakula) kwa samaki wabichi ni bakteria 10,000,000 kwa gramu, na ndoo yetu imekivuka kati ya saa 11 na 12. Samaki wa wavu wa kwanza, akiuzwa Kadutu saa nne asubuhi, ameshakivuka.

Barafu: kilo 1 kwa kilo 1 ya samaki, kwa matabaka, ndoo ikiwa na tundu la kutolea maji. Baada ya saa 12: 51,000. Bakteria wa samaki hawa wamezoea ziwa la nyuzi 24, baridi ya barafu inawashika vibaya sana. Lakini ndoo ya barafu isiyo na tundu ilitoa 390,000, kwa kuwa samaki wa chini walikuwa wakiogelea kwenye maji machafu yaliyoanza kupata joto. Tundu la msumari ndilo lililoleta tofauti hiyo.

Gharama ya sehemu ya sambaza hadi leo, bila vyombo: 118.

9 Mei: mfupa, jaribio la makaa

Tunatumia kichwa cha mfupa wa paja, mahali penye matundu kama sifongo. Ukigandishwa usiku mmoja unakatika vizuri kwa msumeno wa chuma. Vipande vya milimita 12. Kwa nyuzi zetu 95 kuchemsha ni kazi ya saa 6, maji yakibadilishwa kila saa 2, kisha saa 1 kwenye presha.

Vipande 20 tulivichoma kwa makaa ndani ya chungu chenye kifuniko. Vimetoka vyeupe nje na vyeusi ndani, 14 vimepasuka. Weusi ni kaboni ya kolajeni (protini ya mfupa) iliyokosa hewa ya kuungulia: makaa yanakula oksijeni yote. Vilivyopasuka vilikuwa na mafuta yaliyobaki, yaliyowaka ghafla. Na majivu ya makaa yameingia matunduni, yana potasiamu na hayatoki. Hasara: 9 za makaa, 6 za mifupa. Hatutarudia.

Kutoa mafuta: baada ya kuchemsha, loweka siku 2 kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, suuza, kausha, weka kipande kwenye karatasi kavu juani. Kikiacha doa la mafuta, rudia.

30 Mei: tanuri la umeme

Fundi mmoja wa meno ya bandia ametukodishia tanuri lake siku za Jumapili, 15 kwa siku. Panda nyuzi 2 kwa dakika hadi 500, kaa saa 2 mlango ukiwa wazi kidogo (moshi unanuka, fungueni madirisha), kisha nyuzi 5 kwa dakika hadi 900, kaa saa 3. Usifungue kabla halijashuka chini ya 100; kipande cha moto kikipigwa na hewa baridi kinapasuka mikononi.

Mzunguko wa kwanza: vya nyuma vyeupe, vya karibu na mlango vya kijivu, wakati kioo cha tanuri kilionyesha 900. Tumepima kwa chumvi ya jikoni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 801. Punje kwenye vigae vidogo, nyuma, katikati na mbele. Ya mbele haikuyeyuka. Kihisi kiko ukuta wa nyuma, nacho hakijui habari za mlango. Tunapakia theluthi mbili za nyuma tu. Kipimo hiki kifanywe tanuri likiwa halina mfupa, mvuke wa chumvi usiingie kwenye vipande.

Gramu 100 za mfupa mkavu zimebaki gramu 64. Kilichobaki ni hasa haidroksiapatiti, madini yaleyale ya mfupa hai. Chini ya 600 mabaki ya protini yanaweza kubaki. Ukielekea 1,200 madini yanaanza kushikana na matundu kufunga. Seli zinazojenga mfupa na mishipa midogo ya damu zinahitaji matundu ya zaidi ya maikromita 100 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na zinastawi zaidi kwenye 300 na kuendelea. Bila rula ya darubini, tumelaza unywele kando ya tundu. Unywele una unene wa maikromita 70 hivi, na matundu yetu mengi yana upana wa nywele 3 hadi 8.

20 Juni: maji makali

Unga gramu 1 wa vipande hivyo ndani ya mililita 50 za maji yaliyotoneshwa (mvuke uliopoozwa, bila chumvi): pH 11.2, kipimo ambacho 7 ni katikati na juu yake ni ukali wa chokaa. Seli zinakaa vizuri kwenye 7.4, hapo zingekufa zote. Mfupa una kabonati, na katika joto la 900 sehemu yake inageuka chokaa hai, ambayo ikigusa maji inakuwa kali.

Dawa ni maji na subira. Mabadiliko 6 ya maji yaliyotoneshwa, saa 12 kila moja, kutikisa kidogo. Baada ya la tatu 9.9, la sita 8.1. Maji ya bomba tuliyoyajaribu kwa kubana matumizi yameacha utando mweupe matunduni. Lita 10 za maji yaliyotoneshwa: 8.

11 Julai: joto kavu

Mvuke uliacha vipande vimeloa ndani kwa siku mbili. Joto kavu halijali mwinuko wa Bukavu, nyuzi 170 ni 170 popote, na madini haya hayaogopi moto. Saa 1 kwenye 170, oveni ya umeme ya jikoni, kila kipande kwenye chupa yake.

Mtihani: kipande ndani ya mchuzi wa bakteria, siku 14, nyuzi 30. Chupa 3 kati ya 6 zimetibuka kufikia siku ya 4. Tungeziandika zote kuwa zimeoza. Tulipopakaza kila moja juu ya agari, moja tu imeota. Mbili zilikuwa na vumbi la madini lililotoka kwenye kipande. Zikiachwa bila kutikiswa saa 24, linatulia chini na mchuzi unang'aa.

Hiyo moja iliyoota ilitufanya tupime upya oveni. Tumetoboa kipande na kuingiza kihisi: kilihitaji dakika 48 kufika 170 tangu hewa ya oveni ifike. Saa yetu ya kuua ilikuwa dakika 12. Sasa ni saa 3 kamili tangu hewa ifike 170, na vumbi linasuuzwa kabla.

1 Agosti: chupa 12

Siku 14 zimetimia. Chupa 12 zenye vipande, 3 za shahidi bila kipande, na 2 zilizotiwa koloni za sambaza makusudi ili kuthibitisha kwamba mchuzi unaweza kulisha. Zilizotiwa koloni zimeoza siku ya kwanza. Zile 15 ni safi, machoni na kwenye agari.

29 Agosti: maji mfano wa damu

Ni maji yenye chumvi kama zile za damu, na fomula ni ya mtafiti Kokubo: kwa lita, chumvi gramu 8.035, kabonati ya haidrojeni ya sodiamu 0.355, kisha nyingine kwa mpangilio wake hadi Tris (kemikali ya kushikilia pH), pH 7.40 kwenye nyuzi 36.5. Lita ya kwanza imegeuka maziwa ndani ya dakika 5, kwa sababu tulitia Tris kwa mkupuo na pH ikaruka kabla kalsiamu haijasambaa. Imetupwa, dola 7. Lita ya pili: Tris kidogokidogo, kijiko cha dawa kwa kijiko, joto likishikiliwa, pH ikisomwa kila mara. Imebaki angavu. Inakaa kwenye friji ndani ya chupa ya plastiki, si ya kioo, na haitumiki baada ya wiki 4.

Vipande 4 vimeingia leo mchana, uzito mkavu umeandikwa kwenye kila kifuniko. Kisanduku kimepandishwa hadi 36.5.